Nyumba Njema Si Mlango

Katika shule za juu, mwalimu wa historia hufika kwenye zama zile za Ulaya ziitwazo Renesansi, maana yake Kuzaliwa Upya. Hapo kazi yake huwa nyepesi, kwa kuwa mambo ya kuonyesha ni mengi na yote yapendeza: picha, sanamu, majumba, na mawazo mapya juu ya heshima ya binadamu. Lakini ndani ya wepesi huo mna swali zito, nalo twataka kulitafakari pamoja na walimu wenzetu. Je, yampasa mwalimu kuwaonyesha vijana uzuri wa kazi hizo peke yake, au pia maovu yaliyokaa pamoja nao?

Swali hili halijibiki kwa maneno ya jumla. Na tutwae nyumba moja iliyo katika mji wa Florence, Italia, iitwayo Ospedale degli Innocenti, yaani Nyumba ya Wasio na Hatia. Ilijengwa kwa ajili ya kulea watoto wachanga walioachwa na wazazi wao. Chama cha wafanyaji biashara ya hariri kilitoa gharama, na Filippo Brunelleschi, fundi yule yule wa kuba kubwa la kanisa kuu la mji huo, akaianza kazi mwaka 1419.

Baraza yake ya mbele ina matao tisa juu ya nguzo nyembamba. Urefu wa nguzo ni sawa na nafasi iliyo kati ya nguzo na nguzo, na nafasi hiyo ni sawa na upana wa baraza toka nguzo hata ukutani. Hakuna dhahabu wala nakshi nyingi. Uzuri wote watoka katika kipimo. Baadaye, yapata mwaka 1487, Andrea della Robbia alitia juu ya nguzo sanamu za duara za udongo wa kuchomwa, kila moja ina mtoto mchanga mweupe aliyefungwa nguo, na nyuma yake rangi ya samawati. Humo limo fundisho kuu la zama zile: ya kuwa akili ya mtu, ikishika hesabu na huruma pamoja, yaweza kumjengea hata mtoto asiye na baba nyumba nzuri kama ya tajiri.

Lakini wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nyumba hii ilifunguliwa mwaka 1445, na mtoto wa kwanza kupokewa alikuwa msichana, akaitwa Agata. Wengi walimfuata, na katika hao wengi mama zao walikuwa wajakazi. Maana mwaka 1363 watawala wa Florence waliruhusu kwa sheria watumwa wa kigeni waletwe na kuuzwa mjini, mradi asili yao isiwe ya Kikristo. Wengi wao walikuwa wanawake na wasichana waliotoka pande za Bahari Nyeusi, Watatari, Warusi na Wacherkesi. Mjakazi akizaa, mara nyingi baba alikuwa bwana wake mwenyewe au jamaa yake. Mtoto alipelekwa kwenye nyumba ile nzuri, na pengine maziwa ya mama yakauzwa, anyonyeshe mtoto wa mwingine.

Sasa tusikie neno la zama hizo hizo. Mwaka 1486 Pico della Mirandola, kijana wa miaka 23, ambaye baadaye alikaa Florence hata akafa huko mwaka 1494, aliandika hotuba iliyokuja kuwa mashuhuri juu ya heshima ya binadamu. Alisema ya kuwa Mungu hakumfunga mtu kama alivyowafunga wanyama, bali alimwachia hiari ajichagulie atakavyokuwa. Na mjakazi je? Yeye hakuachiwa hata hiari ya kumnyonyesha mwanawe.

Wako wasemao, “Kijana ni mche, tusimmwagie maji machafu.” Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Kijana aliyeonyeshwa matao bila mama wa watoto atajifunza, pasipo kuambiwa, ya kuwa uzuri walipa deni la uovu. Wengine husema, “Ikiwa ni hivyo, maneno yale yalikuwa unafiki, tuyatupe.” Hao nao wakosa. Mizani ya kweli hata ikiwa mkononi mwa mwuzaji mdanganyifu ni mizani bado, nayo ikitumiwa itamhukumu mwenyewe. Neno la heshima ya binadamu ni mizani ya namna hiyo. Kwa lipi twajua ya kuwa mjakazi yule alidhulumiwa, ila kwa neno hilo hilo? Mwenye kulitupa amemnyang'anya mjakazi shahidi wake.

Kwa hiyo twaona ya kuwa mwalimu afundishe yote mawili, na kwa taratibu. Kwanza wanafunzi wachore matao yale na kuvijua vipimo vyake, hata waupende uzuri ule kwa haki. Kisha wafunguliwe mlango. Wasiambiwe ya kuwa heri nyumba ile isingalijengwa, maana watoto wangalitupwa njiani. Lakini na waone mpaka wa huruma ile: ilimpokea mtoto, haikumwuliza mama.

Tena wakiisha kuona, waachwe wajiulize ni wapi huruma ya watu wa leo yakoma mlangoni namna hiyo. Hao ndio watakaojenga shule na hospitali na kutunga sheria. Tukiwafundisha kusifu mlango tu, watajenga milango.