Nani Amuogeshe Mzee?

Kuanzia Diani hadi Msambweni, Kaunti ya Kwale, kumwekea mzazi mlezi wa mshahara, sembuse kumpeleka makao ya wazee, huhesabiwa kuwa ni kumtupa. Wanaosema hivyo wana aya mkononi: sura ya Al-Israa ya Qur'ani, aya ya 23, inaamrisha wema kwa wazazi na kukataza hata kuwaonyesha kuchoshwa nao wakishazeeka. Lakini aya hiyo inahukumu jinsi mzee anavyotendewa; haikusema kila ndoo ya maji lazima ibebwe na mtoto wa kumzaa. Mwana anayemuogesha babake huku akifoka ameivunja, hata kama wanalala nyumba moja. Tena Qur'ani hiyohiyo, katika Al-Baqara aya ya 233, inawaruhusu wazazi kumpa mwanamke mwingine mtoto wao amnyonyeshe kwa malipo ya haki. Ikiwa mkono wa ujira ni halali mwanzo wa umri, uharamu wake mwishoni umetoka wapi?

Atajibu mtu kwamba mtoto mchanga hajui, ilhali mzee anajua na anaumia. Hilo ndilo pingamizi la kweli. (Lile la "mambo ya Kizungu" halina uzito: kazi ya kumtunza mstaafu wa Ulaya aliyehamia Diani haiwezi kuwa ya heshima kwa mgeni, ikawa aibu kwa bibi yetu.) Ila uchungu wa mzee unatuelekeza kwake, haufungi mlango. Radhi hutolewa na mzazi. Wana hawawezi kukaa kikao wakajipa wenyewe. Basi aulizwe alale wapi, amuogeshe nani, na msikiti uwe umbali gani. Na msaada usimnyang'anye analoliweza: ashikwe mkono hadi penye kopo, kisha aachwe atie udhu mwenyewe, hata akichukua robo saa.

Wala makao ya wazee si mageni kwa Waislamu: Unguja, kisiwa chenye Waislamu wengi, ina makao ya serikali Sebleni na Welezo. Ni kweli, hayo ni kimbilio la wasio na wa kuwatunza, na wenye wana wengi watapenda kubaki kwao. Huku kwetu, Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya matunzo kutoka kwa familia na dola pia, lakini shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee fedha, haziajiri mlezi. Kaunti ya Kwale na ifunze walezi wa kuzunguka vijijini, na kamati za misikiti zitenge sehemu ya sadaka kuwalipa wanaowahudumia wazee maskini.