VIATU VILIVYOBAKI CHINI YA BAHARI



Meli ya Titanic ilizama Aprili 1912, wakafa watu wapatao 1,500. Mabaki yake yalionekana mwaka 1985, kina cha mita 3,800 hivi. Huko chini viatu vimelala viwili viwili. Nyama na mifupa vimekwisha. Ngozi iliyotiwa dawa imebaki.

Kwa nini watu hawachoki kuvitazama? Kwa sababu kiatu kinatuonyesha mtu. Aliyefunga kamba zake alitumaini kuzifungua mwenyewe.

Mwaka 2024 saa ya dhahabu ya tajiri John Jacob Astor, iliyookotwa pamoja na maiti yake, iliuzwa Uingereza kwa zaidi ya pauni milioni 1. Mwenye kiatu hatujui hata jina lake. Je, kifo chake kilikuwa kidogo? Bei ni hesabu ya walio hai. Kitu cha marehemu, kiwe saa au kiatu, ni amana.

Basi tukikitazama, tuanze kuuliza habari za mwenyewe. Anayeanza na bei amegeuza msiba kuwa soko. Na tukumbuke: hata viatu tulivyoviacha mlangoni leo vinaweza kutuzidi umri.

Wabillahi tawfiq.