Vikapu Kumi na Viwili

Somo: Yohana 6:1-13



Mwaka wa masomo umekwisha. Mabweni yamebaki matupu, na uani hakusikiki kitu ila ufagio wa mzee mmoja anayekusanya karatasi zilizoachwa na wanafunzi. Kila mwaka wakati kama huu Mhariri wa gazeti letu la mtaa hutuomba sisi tuliokabidhiwa uongozi wa chuo kikuu tuwaandikie ninyi Wakristo wenzetu, ambao watoto wenu tunawafundisha na sadaka zenu zinatusaidia. Miaka mingine tumewaletea hesabu: wangapi wamefaulu, jengo gani limeezekwa. Hesabu za mwaka huu zipo, nazo ni njema, twamshukuru Mungu. Lakini mtuvumilie tukianza na jambo jingine.

Mwinjili Yohana anatueleza habari za watu elfu tano waliokula wakashiba kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Habari hiyo twaijua tangu Shule ya Jumapili, na mara nyingi tukiihubiri twaishia pale watu waliposhiba. Bwana wetu hakuishia pale. Watu walipokwisha kushiba, wakati ambapo mtu ye yote angesema kazi imekwisha, aliwaambia wanafunzi wake wakusanye vipande vilivyosalia, pasiwe na kitu cha kupotea. Wakaenda, wakajaza vikapu kumi na viwili.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, amri hii ilitolewa baada ya shibe. Wakati wa njaa kila mtu hukumbuka makombo. Tukishiba ndipo tunaposahau. Pili, amri hii hawakupewa makutano. Walipewa wale wale waliokuwa wakigawa mikate, watu waliokwisha kuchoka. Waliogawa ndio walioambiwa wainame kwenye majani waokote.

Sasa tuwaambie yaliyotupata.

Majuma matatu kabla ya mitihani, Mhasibu alituletea karatasi mbili zilizojaa majina ya wanafunzi ambao hawajamaliza ada. Kanuni ya chuo inasema asiyelipa hapati kibali cha mtihani. Kanuni hiyo haikutungwa kwa ukatili. Waalimu wana watoto wao wa kulisha, umeme una malipo yake, na vitabu havinunuliwi kwa maneno matamu. Tukatia sahihi chini ya karatasi ya pili. Hatukusoma majina. Tuliangalia jumla ya fedha tu, tukasikitika kwa ukubwa wake, tukaendelea na barua nyingine.

Siku moja kabla ya mitihani kuanza, alikuja ofisini binti mmoja wa mwaka wa tatu, mwenyeji wa upande wa Masasi. Tulidhani amekuja kuomba asamehewe, nasi tulikuwa tumekwisha kuandaa jibu. Alikuwa amekumbatia vitabu vitatu.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, mwanangu. Una shida gani?”

“Sina shida, Baba. Nimekuja kuaga. Vitabu vya maktaba nimekwisha kuvirudisha. Hivi ni vya mwalimu wangu, naye amesafiri. Naomba mumpatie. Ada imenishinda, lakini vitabu vya watu sikutaka niondoke navyo.”

Tukamwuliza habari za nyumbani. Alisema baba yake ana mikorosho, na msimu uliopita maua yalishikwa na ubwiri unga, salfa ikapatikana kwa kuchelewa, na walichovuna kilimaliza deni la dukani tu. Mkopo alioupata kwa Serikali haukufikia ada yote. Hayo yote aliyasema kwa upole, kama mtu anayeeleza habari za mvua. Tukamwuliza kwa nini hakuja mapema kutuambia.

“Nilikuja mara mbili, Baba. Niliambiwa mko kwenye kikao.”

Hatukuwa na la kumjibu. Tulimwambia kanuni ni kanuni, tukamwombea safari njema, akainama kidogo akaenda zake. Vitabu vikabaki mezani.

Jioni ile tulifungua daftari la vikao kuangalia zile siku mbili alizozitaja. Kikao cha kwanza kilikuwa cha ukarabati wa barabara ya kuingilia chuoni. Cha pili kilikuwa cha maandalizi ya mahafali: maturubai mangapi yakodishwe, wageni wa heshima wakae wapi, wale nini. Tulikuwa tukipanga karamu ya walioshiba, na kipande kilikuwa kimesimama nje mlangoni.

Ndugu zetu, tunaungama haya mbele yenu kwa sababu dhambi yetu haikuwa ile sahihi. Bwana hakumkemea Filipo kwa kupiga hesabu ya dinari mia mbili. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwuliza mikate itanunuliwa wapi. Kanisa lisilopiga hesabu hufunga milango, na chuo kilichofungwa hakimfundishi maskini wala tajiri. Dhambi yetu ni kwamba tulitia sahihi bila kusoma majina. Filipo alihesabu huku akiyaona makutano kwa macho yake. Sisi tulihesabu tusimwone mtu.

Kuna watakaosema kwamba kiongozi hawezi kushika kanuni na kukusanya vipande kwa pamoja. Tukumbuke yaliyotokea Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere alikuwa Rais wa nchi, na tena Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao wote walioandamana, karibu mia nne, wakati taifa lilikuwa na wasomi wachache mno. Ilikuwa adhabu kali, na hata leo watu hawakubaliani juu yake. Lakini wanafunzi walikuwa wamelalamika pia kwamba wakubwa wanalipwa mishahara minono. Kwa hilo Mwalimu hakukasirika tu. Alikiri kwamba mishahara ni mikubwa, na papo hapo akapunguza wa kwake kwa asilimia 20. Na mwaka uliofuata wengi wa vijana wale waliruhusiwa kurudi wakamaliza masomo. Hatusemi kwamba kila alichofanya kilikuwa sawa. Twasema kwamba aliyetoa adhabu alijitoza na yeye mwenyewe, na mlango haukukomewa moja kwa moja. Tulipojipima kwa mfano huo tuliona haya. Sisi tuliwatoza wanafunzi, na turubai letu hatukulipunguza hata kamba moja.

Tena sisi Waanglikana hatuna sababu ya kusahau vipande, kwa maana elimu ya Kanisa letu katika nchi hii ilianza navyo. Mwaka 1864 Askofu Tozer alipofika Unguja, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa. Wafanyabiashara waliwaona kuwa bidhaa, na pengine hata wema waliwaona kuwa si kitu. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi mwaka 1879. Na Cecil Majaliwa, ambaye naye aliuzwa utumwani angali mtoto, alipewa upadre mwaka 1890, akachunga kundi la Mungu huko Chitangali, katika nchi ile ile ya kusini anakotoka binti yetu. Kama wale wazee wangesubiri wanafunzi wenye ada, wangesubiri mpaka leo.

Basi tumefanya nini? Tuseme kwa kiasi, maana ni kidogo.

Asubuhi yake tulimpigia binti simu, haikupatikana. Tukampigia Padre wa mtaa wao. Mungu ambariki: alipanda bodaboda akaenda mpaka shambani, akamkuta anapalilia chini ya mikorosho pamoja na mama yake. Mitihani ilikuwa imekwisha kuanza. Tumemwandikia kwamba atafanya mitihani yake wakati wa mitihani maalum, na kwamba deni lake atalilipa kidogo kidogo. Deni hatukulifuta, wala yeye hakuomba lifutwe. Amejibu kwamba atakuja, mama yake akipata nafuu ya homa. Mpaka tunapoandika haya bado hajafika.

Kisha tukazichukua zile karatasi mbili, safari hii tukasoma. Tulisoma kila jina, sisi na Mhasibu na Mlezi wa Wanafunzi na Padre wa chuo. Kazi hiyo ilichukua siku nne. Wengine tumewapata. Mmoja ameajiriwa dukani, hataki tena kusikia habari za shule. Mwingine simu yake anayo mtu mwingine asiyemfahamu. Tumekata shauri kwamba tangu sasa karatasi ya namna hiyo haitatiwa sahihi kabla majina hayajasomwa kwa sauti, na kwamba kila Jumatano asubuhi hapatakuwa na kikao cho chote. Mlango utakuwa wazi. Na mahafali yatafanyika chini ya miembe. Fedha za maturubai tumeziweka kwa ajili ya wale wanaopungukiwa na kidogo tu. Hazitoshi. Andrea naye alimleta mtoto mwenye mikate mitano, akijua haitoshi.

Na ninyi, wapendwa, mna kikapu chenu. Katika kila mtaa yuko kijana aliyetoka chuoni kabla ya wakati. Akiulizwa husema, “Nimepumzika kidogo.” Wengi wetu tunamwacha na jibu hilo kwa sababu ya adabu, au kwa kuogopa kuombwa fedha. Mwulizeni tena, kwa upole, mkiwa faraghani. Pengine hataki fedha. Pengine anataka mtu mzima wa kwenda naye ofisini, au barua ya Kasisi, au kujua tu kwamba jina lake lingali linasomwa mahali fulani. Akina Mama wa Umoja wanajua nyumba zote za mtaa. Tunawaomba watuletee majina. Na wazazi ambao watoto wenu wamefaulu, furahini nao, chinjeni kuku. Lakini mkiisha kula, mwulizeni mtoto wenu ni nani katika darasa lake hakufika mwisho. Huenda yeye anaijua njia ya kumpata kuliko sisi.

Ninyi wahitimu mnaotoka mwaka huu, mmeshiba. Hatuwalaumu kwa shibe yenu. Aliyewapa ni Mungu, kwa mikono ya wengi ambao wenyewe hawakuketi mezani. Lakini msiondoke kabla ya kuinama.

Vile vitabu vitatu tulikwisha kumpa mwalimu. Alivipokea, akavifungua, akaviona vimejalidiwa upya kwa karatasi ya gazeti. Akatuuliza, “Mwenyewe yuko wapi?” Ndilo swali ambalo Bwana atatuuliza sisi sote tulioongoza, nasi hatutaweza kumjibu kwa hesabu ya waliofaulu.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyewashibisha watu nyikani na usiache hata kipande kipotee, utusamehe sisi viongozi tulioona deni tusimwone mwenye deni. Uwalinde wale wasiofika mwisho wa mwaka huu. Usiache wakate tamaa. Utupe mgongo wa kuinama na macho ya kuona, mpaka kikapu kijae na wewe useme yatosha. Amina.