Kupanga Siku, na Kuitika Mungu Anapoita



Katika vijiji husikika maneno mawili yanayopingana. Mmoja husema: « Kesho ni ya Mungu, ya nini kujisumbua? » Basi hulima shamba lake mvua ikiwa imekwisha kuanza, na ya katekisimu huja kuyasikiliza siku roho yake ikipenda. Mwingine husema: « Mambo yangu nimekwisha kuyapanga, mtu asinisumbue. » Huyu ghala yake imejaa, tena hakosi fundisho hata moja; lakini mgonjwa akimwita kando ya njia, hageuki.

Wote wawili hudhani kwamba wanamheshimu Mungu. Wa kwanza huuita uvivu wake matumaini. Wa pili huuita ugumu wa moyo wake utaratibu. Na tazameni sasa njia ya kweli ni ipi.

I. Mungu hupenda mtu anayejitayarisha

Bwana Yezu mwenyewe alifundisha, katika Evanjili ya Mtakatifu Luka, habari ya mtu anayetaka kujenga mnara. Imempasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi tu na kuchekwa na wapita njia. Naye Yosefu, mwana wa Yakobo, aliweka akiba ya nafaka katika Misri muda wa miaka saba ya shibe, na watu wengi waliponywa na njaa kwa sababu yake. Kuwaza mambo ya kesho kwa akili si kukosa imani. Akili ni kipaji cha Mungu, na kipaji hupewa mtu akitumie.

Kanisa nalo hufanya hivyo. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza kwamba watu wafundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Wengi waliona kwamba ni mingi mno. Lakini mti usio na mizizi huangushwa na upepo wa kwanza. Tena Padri Stefano Kaoze, mzalendo wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji kupewa upadri katika Kanisa Katoliki, aliupata mwaka 1917 baada ya masomo ya miaka mingi. Hakuufikia kwa siku moja.

II. Lakini njia ni ya Mungu

Watazameni wavuvi wa ndagala wa ziwa Tanganyika. Huhesabu siku za mwezi. Usiku wa giza huenda ziwani na taa zao, kwa maana samaki huifuata nuru. Mwezi ukiwa mkubwa, hukaa pwani na kushona nyavu. Huo ni utaratibu mwema. Lakini upepo mkali ukivuma ghafula, mvuvi mwenye akili hasemi: « Usiku huu nilikwisha kuupanga. » Hugeuza mtumbwi. Anayeshikilia shauri lake kuliko kutazama maji, mke wake atamlilia.

Ndivyo ilivyo katika mambo ya roho. Yule tajiri wa Evanjili alipanga kuzibomoa ghala zake na kujenga nyingine kubwa zaidi. Kosa lake halikuwa kuhesabu mavuno. Kosa lake lilikuwa kwamba katika hesabu yake yote hapakuwa na Mungu wala jirani. Na usiku ule ule roho yake ikatakiwa.

Mtume Paulo alikusudia kwenda Bitinia, na Roho hakumruhusu. Akafika Troa, akaona katika njozi mtu wa Makedonia akimsihi avuke. Paulo hakunung'unika juu ya safari iliyoharibika. Alivuka, na katika mji wa Filipi Lidia akabatizwa pamoja na watu wa nyumba yake.

Bwana Yezu naye alikuwa anakwenda nyumbani kwa Yairo, ambaye binti yake alikuwa karibu kufa. Njiani mwanamke mgonjwa wa miaka kumi na miwili akaligusa vazi lake. Yezu akasimama, akamtafuta, akasema naye. Je, Yairo alipata hasara? Sivyo. Binti yake alifufuliwa siku ile ile.

III. Mfano wa wakatekumeni wawili

Sikilizeni mfano. Watu wawili wa kijiji kimoja walikuwa katika mwaka wa nne wa mafundisho. Walipaswa kufika misioni siku ya Jumamosi asubuhi ili waulizwe katekisimu kabla ya ubatizo. Mkubwa alipanga yote: saa ya kuondoka, mito ya kuvuka, mahali pa kulala, na kikapu cha mihogo mikavu na ndagala za kutosha, tena na kuzidi. Mdogo hakuwa na kikapu kikubwa. Lakini kila jioni, kwa muda wa miaka minne, alikuwa akirudia fundisho lake karibu na moto mpaka alijue.

Siku ya Ijumaa, saa sita ya mchana, mwanamke mkristu alitoka katika nyumba iliyo peke yake, akawakimbilia.

« Baba zangu, nisaidieni! Mtoto wangu anakufa. Ana siku tisa tu, hajabatizwa. Baba yake yuko ziwani, na katekista amekwenda misioni. »

Mkubwa alisema polepole: « Mdogo wangu, tukisimama hapa, usiku utatukuta mtoni. Padri amesema kwamba anayechelewa atangoja kundi lingine. Kumbuka miaka minne! »

« Nakumbuka, mkubwa wangu, » akajibu mdogo. Naye aliogopa pia. Lakini aliingia nyumbani, na mwenzake akashika njia.

Mdogo alijua aliyofundishwa: katika hatari ya kufa, kila mtu aweza kubatiza, hata asiyebatizwa bado, akikusudia kufanya linalofanywa na Kanisa. Akasema: « Mama, niletee maji safi. » Akayamimina juu ya kichwa cha mtoto, na wakati ule ule akasema maneno ya ubatizo kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Kabla ya jua kushuka, mtoto alifariki. Hapakuwa na mwanamume mwingine wa kuchimba kaburi, akachimba yeye.

Asubuhi ya siku ya pili, huko misioni, mkubwa aliulizwa matendo saba ya huruma kwa mwili. Aliyataja sita bila kosa. Alipofikia la saba, kuzika wafu, sauti yake ilikauka. Hakuwa amelisahau.

Jioni mdogo alifika, miguu imejaa vumbi, na maulizo yamekwisha. Padri alimwuliza kwanza habari ya mtoto: maji gani, maneno gani, nani aliyemimina na nani aliyesema. Akaliandika jina la mtoto katika kitabu cha ubatizo. Kisha akamwambia: « Wewe utaulizwa Jumatatu. »

Mkubwa alikuwa amepanga kurudi kwao Dominika baada ya Misa. Hakurudi. Alikaa na mwenzake mpaka Jumatatu, wakala pamoja, na kile kikapu kiliwatosha wote wawili.

IV. Mambo ya kushika

Fahamuni vema mfano huu. Mdogo aliweza kutenda kwa ghafula kwa sababu alijitayarisha kwa muda mrefu. Kama angalikuwa mvivu wa kujifunza, huruma yake ingalilia tu pamoja na mama yule, bila kujua la kufanya. Na kikapu cha mkubwa kilikuwa chema. Kilikosa tu mtu wa kugawana naye, mpaka alipompata.

Basi shikeni mambo haya matatu. La kwanza: asubuhi, baada ya sala, kila mmoja apange kazi ya siku yake, shamba, fundisho na watu wa nyumbani, akisema moyoni: Bwana akipenda, kama alivyotufundisha Mtume Yakobo. La pili: jirani mwenye shida ya kweli akiita, shauri la mtu lipishe njia, kwa maana huenda Mungu ndiye anayeita, lakini anayeita kwenye pombe au uvivu asigeukiwe. La tatu: jioni, kila mmoja aulize dhamiri yake: Leo nimeacha nini kwa uvivu? Na leo nimempita nani kwa haraka yangu?

Siku ya mwisho nayo haitapangwa na mtu. Anayejitayarisha kila siku, na kuitika kila aitwapo, ataitika hata siku hiyo bila hofu.

Maulizo

1. Kosa la yule tajiri wa Evanjili lilikuwa nini?
2. Nani aweza kubatiza katika hatari ya kufa, na kwa namna gani?
3. Yatajeni matendo saba ya huruma kwa mwili. Lipi limewapita juma hili?