Majina Kifuani pa Haruni

Wapendwa, somo letu la juma hili ni Kutoka 28, sura ambayo wengi huiruka kwa kuwa imejaa vipimo vya mavazi ya kuhani. Msiiruke. Mungu anaagiza vito kumi na viwili vipangwe safu nne kwenye kifuko cha kifuani cha Haruni: zumaridi, almasi, yaspi na vinginevyo. Uzito hautajwi, bei haitajwi. Kinachosisitizwa ni kwamba kila jiwe lichorwe jina la mmoja wa wana wa Israeli, ili kuhani aingiapo patakatifu awe amewabeba wote juu ya moyo wake. Reubeni aliyemwaibisha baba yake yumo. Benyamini kitinda mimba yumo.

Nimeisoma sura hiyo nikiwaza Mererani. Tanzanaiti haichimbwi mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye vilima hivyo vya Simanjiro, mkoani Manyara. Mara nyingi jiwe hutoka ardhini likiwa la kahawia, na ni moto wa nyuzi kama 600 unaoitoa ile bluu yake. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ililipa jina la nchi yetu, nalo likaenea upesi. Jina la mtu lilichelewa. Jumanne Ngoma, ambaye serikali inamtambua kuwa ndiye aliyeyagundua mawe hayo mwaka 1967, alikuwa tayari mzee mgonjwa Aprili 2018, Rais Magufuli alipozindua ukuta wa kilomita 24.5 unaozunguka migodi na kumtunukia shilingi milioni 100. Januari iliyofuata akafariki.

Juni 2020 Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Nilifurahi kwa moyo wote kuona mchimbaji mdogo akilipwa hadharani, jina lake likitangazwa pamoja na jiwe.

Ila Ayubu 28 inatushusha shimoni kabisa. Inaeleza watu wanaoning'inia na kubembea mbali na wenzao, mahali ambapo hata jicho la ndege mkali halijafika. Aliyeandika hayo aliijua kazi. Wana-Apolo, yaani wachimbaji wa Mererani, hushuka mamia ya mita, wengi wao bila mshahara, wakila chakula cha mwenye mgodi na kungoja mgawo siku jiwe litakapoonekana. Miezi hupita. Mwaka 1998, na tena Machi 2008, maji ya mvua yaliingia mashimoni yakawaua makumi kwa makumi. Walikuwa vijana wa watu, na nyumbani kwao walikuwa wakisubiriwa.

Mfanyabiashara wa Arusha au wa Jaipur atakueleza karati za jiwe, ukolezi wa bluu yake na usafi wake. Muulize nani alilitoa mwambani. Hilo hana pa kulisoma. Hapo ndipo ninapoliona kosa letu, sisi tunaovaa na sisi tunaouza.

Jumapili hii, wakati wa maombi, naomba kila familia yenye mtu shimoni ilete jina lake, awe Mererani, Mahenge au Tunduru, awe hai au amelala huko. Mzee wa kanisa atayapokea mlangoni. Tutayasoma yote mbele ya madhabahu, hata ibada ikichelewa kwisha.