Tusiisingizie Qadar uzembe wa mwenye mashine

Mwaka jana nikitoka Mbeya kwenda Iringa nilishuka Mafinga kumzuru ndugu yetu mmoja, fundi katika kiwanda cha kupasua mbao. Vidole vinne vya mkono wa kulia vimekatika. Alikuwa ameinama ndani ya mashine anabadilisha mkanda. Mwenzake, asiyejua kuwa kuna mtu, akawasha swichi. Kila aliyeingia kumpa pole alisema: ni qadar ya Allah. Tajiri wake naye alikuja na kilo mbili za sukari, akasema hilo hilo, akaondoka.

Ndugu msomaji, neno ni moja lakini vinywa ni viwili. Akilisema aliyekatika vidole, ni subira. Akilisema tajiri, ni utetezi. Kuamini Qadar ni nguzo ya imani, hakuna anayebisha. Lakini aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kamba na kutawakali, Mtume (SAW) alimwelekeza amfunge kwanza. Kwenye mashine, kamba hiyo ni kuzima umeme, kufunga swichi kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa aliye ndani. Si kwa mnyapara! Na kufuli linauzwa duka lolote pale Mafinga.

Atatokea wa kunikumbusha hadithi kwamba anayeumia mgodini hana madai. Naijua. Wanazuoni wameieleza kwa ajali ambayo mwenye mali hakuvuka mpaka. Sasa kumwingiza mtu ndani ya mashine ambayo mpita njia yeyote anaweza kuiwasha, tukuiteje?

Sheria ya Kiislamu haiachi bure hata kosa lisilo la makusudi. Aliyeua kwa bahati mbaya anadaiwa diya, imo katika Suratun Nisaa. Kidole kimoja kimekadiriwa ngamia kumi, gumba na kidole cha mwisho sawasawa. Ndugu yetu basi ana ngamia arobaini. Sheria ya fidia tuliyorithi kwa mkoloni kikomo chake kwa ulemavu wa kudumu kilikuwa sh. 108,000, sijui ungepata mguu gani wa ngamia. Alhamdulillah, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 iliifuta, na Mfuko wa WCF ulioanza 2015 unakokotoa kwa mshahara. Lakini mwajiri lazima ajisajili na achangie. Ndugu yetu hana hata mkataba.

Yule aliyewasha swichi haonekani tena msikitini kwa aibu. Mkono uliotenda ni wake, siwezi kulikataa hilo. Lakini nani alimwambia kuna mtu ndani? Tajiri anaswali safu ya mbele kama kawaida.

Nilipoaga nilimuuliza mgonjwa kama swichi sasa inafungwa. Akasema kiwanda kilianza kazi kesho yake asubuhi, na swichi iko wazi ukutani pale pale.