Damu ya Mtu na Amri ya Mkubwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Swali hili huulizwa katika mabaraza ya Wawi: askari aliyeamriwa kupiga watu risasi, akaua, damu ile i juu ya nani?

Wapemba hawaulizi kwa mchezo. Siku ya Jumamosi, tarehe 27 Januari 2001, watu waliandamana kutaka uchaguzi wa mwaka 2000 urejewe. Polisi wakawapiga risasi, Chake Chake, Wete na Micheweni. Waliokufa siku zile, Pemba na Unguja, hawakupungua 30, na zaidi ya 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Huko Micheweni askari naye aliuawa.

Wako wasemao: askari hana dhambi, ameamriwa. Wanavyuoni wa Kishafii hawakusema hivyo. Wamesema: akiwa hakujua kuwa amri ile ni dhulma, dhamana ni ya aliyeamuru. Akijua, wala hakulazimishwa, dhamana ni yake. Na akilazimishwa, kwa kauli yenye nguvu kisasi ni juu ya wote wawili, kwani nafsi yake si bora kuliko nafsi ya mwenzake.

Tena wameweka kipimo. Mwenye kushambulia huzuiwa kwa jambo jepesi kwanza: akizuilika kwa maneno, ni haramu kumpiga, akizuilika kwa mkono, ni haramu fimbo, akizuilika kwa fimbo, ni haramu kumwua. Hata waasi waliobeba silaha, akikimbia mmoja wao hafuatwi. Seuze raia asiye na silaha, ampaye askari mgongo?

Na kipimo hiki hakina upande. Aliyemwua askari wa Micheweni ataulizwa kama atakavyoulizwa aliyefyatua bunduki.

Vyama vya CCM na CUF vilitia sahihi muafaka tarehe 10 Oktoba 2001. Kupatana ni kheri. Lakini damu ni haki ya warithi, nao ndio wenye kusamehe. Karatasi ya wakubwa haisamehe kwa niaba yao.

Basi baba ambaye mwanawe anakwenda kuvaa sare, na amwusie kabla hajaondoka: amri itabaki kituoni, na kidole utakwenda nacho kaburini.

Wallahu aalam.